Kilomita Chache Si Uzima wa Pikipiki

Ushauri anaopewa kila anayetafuta pikipiki ya masafa iliyotumika ni mmoja: tafuta yenye kilomita chache. Wauzaji huuweka juu kabisa ya tangazo. Marafiki huurudia. Vitabu vya bei hupandisha na kushusha thamani ya chombo kwa namba hiyo hiyo. Mimi nasema ushauri huu ni mbovu, na kwa pikipiki za aina hii ni mbovu maradufu. Umewalia watu fedha zao, na wengine umewapandisha kwenye breki ambazo nisingeziamini hata kwa kuvuka mtaa.

Nieleze kwanza ni pikipiki zipi, kwa sababu nyumbani Afrika Mashariki hazionekani sana. Ni zile kubwa zilizotengenezwa kwa mtu anayetaka kwenda mbali na kwenda haraka: kioo cha mbele cha kukata upepo, bodi ya plastiki inayofunika injini na magoti, masanduku mawili ya pembeni yenye kufuli, na siti ya watu wawili inayokalika kutwa. Honda walitoa ST1100, inayoitwa pia Pan European, mwaka 1990, kisha wakaifuatishia ST1300 mwaka 2002. Yamaha walikuja na FJR1300 mwaka 2001. Kawasaki walikuwa na GTR1000 tangu 1986, ambayo Wamarekani wanaiita Concours, wakaendelea kuitengeneza kwa miaka ishirini bila mabadiliko makubwa. BMW wana ukoo wao wa RT. Nyingi zina uzito wa kilo 300 hivi na tangi la lita 25 au zaidi. Leo hapa Uingereza zinauzwa kwa bei nafuu kuliko ubora wake, kwa kuwa wanunuzi wapya wamehamia kwenye pikipiki ndefu za mtindo wa rali, na waliozinunua zikiwa mpya magoti yao hayawezi tena kuushikilia uzito ule kwenye taa nyekundu.

Sasa chukulia FJR1300 mbili za mwaka 2004 zimetangazwa mji mmoja. Ya kwanza imetembea maili 9,000, yaani kilomita 14,500 hivi. Haina mchubuko, na imetunzwa gerejini chini ya turubai. Ya pili ina maili 62,000, karibu kilomita 100,000. Masanduku yake yana mikwaruzo, na mwenyewe anakupa faili nene la risiti. Ya kwanza ni ghali kwa mbali. Ushauri wa kawaida unakupeleka huko huko. Mimi ningekwenda kwa ya pili, tena na fedha mfukoni.

Fanya hesabu. Maili 9,000 kwa miaka ishirini ni maili 450 kwa mwaka. FJR yenye tangi lililojaa hufika maili 200 na ushei bila shida. Chombo hiki basi kimekunywa matangi mawili ya petroli kwa mwaka, na siku nyingine zote kilikuwa kimesimama. Pikipiki iliyosimama haiachi kuzeeka. Inazeeka pale ambapo mita haihesabu.

Ninafahamu imani hii tuliitoa wapi. Sisi wa Afrika Mashariki elimu yetu ya injini imetokana na vyombo viwili. Kimoja ni gari la mtumba kutoka Japani, ambalo jambo la kwanza kuulizwa bandarini, iwe Mombasa au Dar es Salaam, ni kilomita zake. Kingine ni bodaboda: silinda moja ya cc 125 au 150, inapozwa kwa upepo, ina oili ya lita moja hivi, na inapigishwa kazi kutwa na abiria wawili na gunia. Kwa injini ile kilomita ni umri kweli. Ikifika kilomita elfu sitini mara nyingi imeshafunguliwa na fundi, na anayeinunua ana haki ya kuogopa.

Lakini injini ya FJR ina silinda nne, inapozwa kwa maji, na ukitembea maili 70 kwa saa kwenye barabara kuu inazunguka chini kidogo ya mara 4,000 kwa dakika, wakati alama nyekundu iko kwenye 9,000. Haijakaribia hata nusu ya nguvu zake. Marekani kipo chama kinachoitwa Iron Butt Association ambacho ngazi yake ya chini kabisa ya kujiunga ni kuendesha maili 1,000 ndani ya saa 24, na FJR na ST ni miongoni mwa pikipiki zinazopendwa sana na watu hao. Mtu wa namna hiyo anamaliza maili 9,000 kabla ya msimu kwisha, na injini haijui kama imefanya kazi. Kuipima pikipiki hii kwa kipimo cha bodaboda ni kukosea chombo tangu mwanzo.

Kinachoiua ni muda. Anza na breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yakiwa mapya yasichemke kabla ya nyuzijoto 230. Lakini mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani kupitia mipira na kifuniko, hata pikipiki ikiwa imefunikwa vizuri, na yakishaloa kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155. Ndiyo maana watengenezaji wanataka yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama chombo hakijaenda popote. Shuka mteremko mrefu wa milimani ukiwa na abiria nyuma na masanduku yamejaa, kilo 300 za chuma zikikusukuma, na mafuta ya zamani yanachemka ndani ya kalipa. Mapovu yanaingia, mkono wa breki unakwenda hadi kwenye mpini na gurudumu haliitiki. Mwenye pikipiki ya maili 9,000 hakuona sababu ya kuyabadilisha, maana kwa mawazo yake haijatembea. Chungulia kidirisha cha chupa ya mafuta ya breki kwenye usukani. Yakiwa meupe au ya manjano hafifu, kuna mtu anayejali. Yakiwa ya kahawia iliyokolea, jiulize ni nini kingine hakijaguswa.

Na kwa BMW adhabu ni kubwa zaidi. RT za kuanzia 2001, kwa miaka kadhaa, zilifungwa breki zenye pampu ya umeme inayoongeza nguvu ya mkono wako, na unaisikia ikivuma ukigusa breki. Mafuta yake yakiachwa yakachakaa, kutu na uchafu vinaingia kwenye kifaa hicho, na bei ya kifaa kipya inaweza kukaribia bei ya pikipiki nzima. Nimeona watu wakiinunua R1150RT inayong'aa, ya maili chache, kwa furaha isiyo na kifani, kisha taa ya ABS ikagoma kuzima wiki ya kwanza.

Tairi nazo zinasoma kalenda. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za pikipiki iliyolala zina meno mazima kabisa, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu mpira umekauka na kwenye lami iliyoloa haushiki. Muuzaji atakuonyesha meno yale kama fadhila. Sili za foku zinakauka hivyo hivyo, mipira ya kuingizia hewa inapasuka, kulanti inapoteza dawa yake ya kuzuia kutu. Mipira ya breki yenyewe watengenezaji wa Kijapani wanataka ibadilishwe kila baada ya miaka minne. Nani amewahi kuibadilisha kwenye pikipiki ya maonyesho?

Nitasimama kidogo kwenye GTR1000, kwa sababu inaonyesha jambo hili bila utata. Ina kabureta nne. Kati ya tangi na kabureta kuna koki inayofunguka kwa uvutaji wa injini yenyewe. Ukizima, kiwambo cha mpira kinazuia petroli. Kiwambo kikizeeka hakizuii. Kinachobaki ni sindano ndogo ndani ya kila kabureta, inayosukumwa na boya, na petroli iliyooza inaacha utando unaoifanya isikae mahali pake. Basi petroli inashuka polepole usiku kucha, inapita kabureta, inaingia kwenye silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Nyingine inapenya chini na kuchanganyika na oili. Asubuhi unabonyeza stata. Pistoni inapanda, inakutana na kimiminika, na kimiminika hakishindiliki. Konrodi inapinda. Umeua injini kabla haijawaka.

Wenye GTR wanaozitumia wanalijua tatizo hili miaka mingi. Wengi wamefunga koki ya kugeuza kwa mkono na kabureta zao zinapitiwa na petroli mpya kila wiki. Anayekumbwa ni yule aliyenunua iliyolala. Na siku hizi hali ni mbaya zaidi, maana tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inavuta maji na kuila mipira ya zamani. Ukienda kuitazama GTR, kabla hujagusa stata fungua kifuniko cha oili unuse. Ikinuka petroli, mshukuru mwenyewe uondoke.

Nyingi kati ya pikipiki hizi hazina cheni. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, na pale shafti inapokutana na gurudumu kuna meno ya chuma yanayoingiliana, yanayotakiwa kupakwa grisi nzito ya molibdeni. Ili kuyafikia lazima gurudumu litolewe. Pikipiki ya maili 62,000 imebadilishwa tairi mara nyingi, na kila mara fundi alipata nafasi ya kuyasafisha na kuyapaka. Ile ya maili 9,000 huenda gurudumu lake halijawahi kutoka tangu kiwandani. Grisi imekauka ikawa unga mwekundu, na siku mnunuzi mpya atakapoanza kuitumia sawasawa, meno yatasagana chuma kwa chuma. Kwenye ST na FJR hili ni jambo la kulitazama kwa macho. Mwombe mwenyewe aseme ni lini mara ya mwisho gurudumu lilitoka, na nani alilitoa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Kazi kubwa kuliko zote kwenye pikipiki hizi ni kupima nafasi za valvu. Honda VFR800, ndugu yao mwepesi wa mwaka 1998 anayetumia cheni, inataka kazi hiyo kila maili 16,000. Zile zilizotoka kuanzia 2002, zenye mfumo wa VTEC, zinahitaji saa nyingi za fundi, na fundi wa hapa analipwa kwa saa. FJR inasubiri zaidi, kilomita 40,000 hivi. Tazama sasa ni VFR ngapi zinauzwa zikiwa na maili 14,000 au 15,000. Mwenyewe ameshapiga hesabu ya sevisi inayokuja akaona afadhali akuachie wewe. Unalipa zaidi kwa kuwa namba ni ndogo, na unalipa tena kwa kuwa namba hiyo imekaribia 16,000. Aliyefika maili 40,000 ana risiti mbili za valvu, au hana. Akiwa hana umepata jibu lako, na akiwa nazo kazi imeshalipiwa na mtu mwingine.

Halafu tuangalie kama namba yenyewe ni ya kweli. Sisi tuliokulia kwenye magari ya mtumba hatuhitaji kufundishwa kwamba mita inarudishwa nyuma, na mita za kidijitali hazijamaliza mchezo huo. Anayerudisha mita anairudisha kuelekea namba ndogo, kwa sababu ndogo ndiyo inayolipa. Sijawahi kusikia mtu aliyepeleka mita kwa fundi aongezewe maili. Kwa hiyo namba ndogo daima inahitaji ushahidi, na namba kubwa inajishuhudia yenyewe. Wanaoshikilia kilomita chache wamechagua kuamini kipimo kinachochezewa kuliko vyote.

Ushahidi upo, na hapa Uingereza ni bure. Pikipiki ikifikisha miaka mitatu inakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na matokeo ya tangu 2005 yanasomeka kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya usajili. Utaona maili za siku ile, kilichofeli, na kilichoandikwa kama angalizo. Mimi ninayasoma kabla sijapiga simu kwa muuzaji. Ninachotafuta ni mfululizo: maili elfu tatu, elfu tatu, elfu nne, kila mwaka bila pengo. Pengo la miaka mitatu bila ukaguzi lina maana kwamba pikipiki ilikaa, na aliyeiacha ikae hakuwa akibadilisha mafuta ya breki. Angalizo la pedi za breki mwaka huu ambalo halirudi mwaka unaofuata linaniambia zaidi kuliko picha ishirini za pikipiki iliyooshwa.

Sijasema kilomita hazina maana. Beringi za magurudumu zinachakaa kwa kutembea, cheni na sproketi zinachakaa, shokomzoba ya nyuma inachoka, klachi ya BMW za injini bapa na meno yake havipendi safari ndefu za mjini, na gia za nyuma za BMW hizo zimewahi kuvunjia watu safari. Kwa R1150RT ya maili 80,000 nisingenunua bila kuona risiti ya klachi. Lakini vitu hivi vinajulikana, vina bei, na vingi vinasikika au kuonekana ukivitafuta. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, weka mkono kwenye bodi ya gia za nyuma usikie kama inacheza. Uchakavu wa kilomita unajionyesha, na wa muda umejificha ndani ya mpira, ndani ya kimiminika, ndani ya meno yaliyofunikwa.

Wapo watakaosema: lakini ukitaka kuiuza baadaye, yenye kilomita chache itakuwa na thamani. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ungeinunua uitazame. Pikipiki ya masafa inanunuliwa itumike. Ukiinunua na maili 9,000 na kuiendesha inavyostahili, baada ya miaka mitatu ina maili 30,000, na ile nyongeza uliyolipia imeyeyuka kwa mikono yako mwenyewe. Umelipa bei ya juu kwa kitu ambacho safari zako ndizo zinazokiteketeza. Ile ya maili 62,000 ikifika 83,000 inashuka thamani kidogo tu, kwa sababu haikuwa na pa kuanguka. Tofauti ya bei ya pikipiki hizo mbili inatosha tairi mpya, mipira ya breki ya chuma, mafuta yote, sevisi ya valvu, na bado ikabaki petroli ya kwenda Scotland na kurudi.

Wengine wanaogopa kwamba maili nyingi ni dalili ya mwenyewe katili. Kwa pikipiki za mbio hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtu aliyeendesha Pan European maili 80,000 ni mtu wa kupanga safari, anayebeba mkewe nyuma na hema kwenye sanduku, na chombo kisichoaminika kisingemfikisha huko. Kuna zilizokuwa za polisi pia, Honda na BMW, zenye maili nyingi na vitabu vya sevisi vilivyojazwa bila kukosa. Hizo nazo zinataka tahadhari yake: zimesimama zikiunguruma saa nyingi kando ya barabara, saa ambazo mita haikuandika, na bodi zake zina matundu ya redio na ving'ora. Hata hivyo kati ya ya polisi iliyotunzwa kwa ratiba na ya maonyesho iliyolala, ningechukua ya polisi.

Unapokwenda kutazama, mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, jambo la kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, mtu ameificha tabia yake ya asubuhi. Iwashe ikiwa baridi, sikiliza, kisha weka mita ya umeme kwenye betri: ikiwa imezimwa na betri imejaa isome volti 12.6 hivi, ikiwaka na kuongezewa mafuta ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kwa VFR800 usiruke hatua hii, kwa kuwa vidhibiti vyake vya chaji vina sifa ya kuungua. Baada ya hapo omba faili la risiti, kaa chini ulisome ukurasa kwa ukurasa, hata kama muuzaji anaangalia saa.

Na kwa ndugu zetu wanaofikiria kuinunua hapa waipakie kwenye kontena kwenda nyumbani, suala hili lina uzito mkubwa zaidi. Sili za kalipa za GTR hazikai rafuni Kariakoo wala Kirinyaga Road. Zitaagizwa, zitalipiwa ndege na ushuru, na wakati huo pikipiki iko juu ya mawe. Nunua iliyokuwa ikitembea. Badilisha mafuta yote, mipira ya breki na tairi hapa hapa, na gurudumu la nyuma litolewe mbele ya macho yako. Kisha iendeshe maili mia tano, ndani ya mvua na nje ya mvua, uone inavuja wapi na inalia wapi, na hayo yakisharekebishwa ndipo uitafutie kontena.